Plasta za Kidonda: Acha Zidondoke Zenyewe

Sisi wa Machame, Kibosho na Marangu tunakatia ng'ombe majani kila siku, na panga halina rafiki. Mkato mdogo ulionyooka huweza kufungwa hospitali kwa vipande vyembamba vya plasta badala ya nyuzi.

Nikitembelea wagonjwa wa jumuiya, huulizwa: "Mama, zimechafuka, nizibandue?" Hapana. Ndizo zinazoshika ngozi mpaka iungane. Siku 2 za kwanza zisiguse maji. Baadaye zikilowa, zikaushe polepole kwa kitambaa safi, bila kusugua. Ncha ikijikunja, ikate kwa mkasi safi. Usipake mafuta, gundi italegea. Kwa kawaida hudondoka zenyewe ndani ya wiki 2.

Kidonda kikiachana, kikivimba, kikitoa usaha, au ukipata homa, rudi hospitali siku hiyohiyo. Na siku ya kuumia uliza sindano ya pepopunda, maana panga hugusa udongo na samadi.

Lililo gumu kwetu ni kupumzika. Mzigo wa majani huachanisha kidonda cha mkono. Basi baba na watoto wamkatie ng'ombe wiki hizo. Huo nao ni upendo wa Kikristo.