Daftari la Wachelewaji

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na maji huko yamekuwa shida tangu enzi za mababu: watu juu, chemchemi bondeni. Nilipopewa ukuu wa shule ya msingi huko, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulikuwa umeanza na ada imefutwa. Darasa la kwanza lilifurika, wengine wakakaa sakafuni. Kuandikisha watoto hakukuwa kazi tena. Kazi ilikuwa kuwaona kesho yake, saa moja na nusu asubuhi.

Nilikuta mwalimu wa zamu akisimama njiani na fimbo, wachelewaji wamepiga magoti. Kanuni zinasema viboko ni vya mkuu wa shule au aliyemkabidhi kwa maandishi, visizidi vinne, tena viandikwe kitabuni. Nani alikuwa na habari nazo? Mtoto akisikia kengele angali mbali, alikata kona akaingia mikoroshoni, akacheza humo mpaka wenzake watoke, kisha akarudi nao nyumbani. Mama alijua ametoka shule. Robo saa ya kuchelewa ilizaa utoro wa siku nzima.

Nikaondoa fimbo, nikaweka daftari. Anayechelewa aulizwe ametokea wapi, aandikwe, aingie darasani. “Mkuu, unawadekeza,” mwalimu mmoja mkongwe aliniambia, na akaninunia muhula mzima. (Mwisho wa mwezi, mshahara ulipofuatwa mjini, naye hakuonekana, na watoto waliijua tarehe hiyo vizuri sana.)

Daftari lilisema mengi. Wasichana walitoka kuteka maji. Kuanzia Oktoba wavulana walitoka kuokota korosho. Na wapo waliocheleweshwa na shule yenyewe, maana ilikuwa desturi kila mtoto aje na kidumu cha maji ya kuoshea madarasa na kupikia uji. Mtoto ashuke bondeni alfajiri kwa ajili ya shule, kisha achapwe kwa kuchelewa!

Kamati ya shule ikachangisha, tukafunga mifereji kwenye bati na kununua simtanki. Masika vidumu vikakoma; kiangazi viliendelea, ila kwa zamu. Mwenyekiti wa kijiji akakubali wanafunzi watangulizwe bombani siku za mgao. Kwa korosho sikuwa na la kuamuru. Ndizo zinazonunua sare na madaftari. Niliwaomba wazazi watoto waokote jioni. Baadhi walikubali, baadhi walinitazama tu.

Lakini lililonishtua lilikuwa ratiba. Kusoma kulipangwa vipindi viwili vya kwanza, eti akili ingali mpya. Basi mchelewaji hakupoteza kidogo hapa na kidogo pale: kila siku alipoteza somo lilelile. Majina yaliyojaa kwenye daftari langu yalikuwa karibu yaleyale ya wasiojua kusoma darasa la tatu, mengi ya wasichana. Tulikuwa tukiwaita wazito.

Nikahamishia kusoma baada ya uji kwa darasa la kwanza na la pili, asubuhi tukaanza na michezo na kazi za mikono. Mkaguzi mmoja alipopita akataka maelezo. Nikampa daftari. Aliligeuzageuza kwa muda, kisha akaandika kwamba ratiba irudishwe kama zamani. Nilimjibu kwa barua kwamba agizo limepokelewa, na mpaka nahamishwa kusoma kulikuwa bado baada ya uji.