Kutu ya Goma: kata mpaka chuma kizima

Mtu akifika Goma mara ya kwanza anaona ziwa Kivu kusini, na kaskazini mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470. Chini ya miguu yake ni mawe meusi tu. Ni moto wa mlima uliopoa. Tarehe 10 Januari 1977 moto ulishuka mbio juu ya vijiji. Tarehe 17 Januari 2002 ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulisimama upande wa Buhene, pembeni ya mji.

Lakini mlima una adui mwingine ambaye hapigi kelele. Moshi wake una salfa. Ukikutana na mawingu, mvua inashuka na asidi ndani yake. Watu wa Rusayo, karibu na mlima, wanaijua juu ya mashamba yao: majani yanaungua. Mwenye nyumba anaijua juu ya manjanja yake, yanatoboka mbele ya wakati. Na mwenye gari la zamani anaijua juu ya milango.

INAANZIA WAPI?

Kutu ni kazi ya vitu vitatu: chuma, maji na hewa. Asidi inaongeza mwendo tu. Na kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwako, ndiyo maana rangi inavimba kama lengelenge. Ukiona lengelenge dogo nje, usicheke. Mara nyingi kutu imeanzia ndani: chini ya mlango, juu ya magurudumu, mahali mabati mawili yanapolaliana. Mchanga wa barabara unaziba vitundu vya kutolea maji, unakaa na maji siku nyingi, na chuma kinaliwa polepole.

Wengi wanasema: "Land Rover haipati kutu." Ni kweli nusu. Mwaka 1948, zilipoanza kutengenezwa Uingereza, chuma kilikuwa haba baada ya vita, basi mwili wake ukafanywa kwa aluminiamu. Lakini shasi ni chuma, na ukuta kati ya injini na viti ni chuma. Aluminiamu ikigusana na chuma mahali penye maji, yenyewe inaliwa na kugeuka unga mweupe. Hivi gari linaweza kuonekana zuri juu, na chini shasi imebaki kama biskuti.

FUNDI MZURI ANAFANYAJE?

Kwanza anatoa batri na tangi la mafuta, juu ya moto. Halafu anagonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama karatasi. Anakwangua rangi, anakata sehemu yote iliyooza mpaka afike kwenye chuma kinachong'aa. Hapa ndipo mafundi wanapoachana. Mvivu anakata tundu analoliona tu. Baada ya mvua chache kutu inatokea tena kandokando ya kiraka.

Kisha anapima tundu kwa karatoni, anakata bati jipya la karibu milimita 1, analikunja kwa nyundo na chuma kizito nyuma yake. Shasi inataka chuma kinene zaidi, milimita 2 au 3. Anachomelea nukta moja hapa, nyingine upande wa pili, anaacha ipoe. Akienda moja kwa moja, joto litakunja bati lote. Mwisho anasaga, anapaka rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, anaweka mastiki nyembamba, anapiga msasa, ndipo rangi ya juu. Vitundu vya maji anavifungua.

Vijana wa garaji, angalieni mambo mawili. Bati la nyumba limepakwa zinki. Ukilichomelea bila kusaga zinki kwanza, moshi wake unaleta baridi na homa usiku, na mtu anadhani ni malaria. Tena pipa lililobeba mafuta, hata kama limekauka, linaweza kulipuka ukilikata kwa moto. Macho nayo hayana spea.

NINYI MNAOTAKA KUNUNUA

Kuna baba wa familia huko Kamituga au Walikale anayeweka pesa kidogo kidogo ili anunue gari la kubeba watu na mizigo. Huyu asinunue rangi. Aje na sumaku ndogo ndani ya kitambaa, aipitishe chini ya milango. Isiposhika, pale kuna mastiki nene. (Kwa mwili wa Land Rover sumaku haisaidii, juu aluminiamu haivutwi.) Kisha alale chini ya gari, agonge shasi toka mbele mpaka nyuma.

Muuzaji akikataa shasi igongwe, jibu limekwisha kutolewa. Barabara ya Sake kwenda Masisi ina mashimo na miteremko, na juu ya shasi moja kunaweza kukaa watu kumi na magunia yao. Mastiki ni ya kusawazisha bati, haibebi mtu. Bei ya kukata mpaka chuma kizima inauma siku moja, lakini shasi ikikatika mteremkoni, hakuna fundi wa kuirudisha siku ile.