Mtepe Mdogo

Mashua za mapambo zilizo nyingi madukani hupigwa misumari na kutiwa gundi. Hatuna ugomvi nazo. Lakini sisi wenye asili ya Koyama, kusini ya Kismayu, tuliotawanywa na vita vya 1991, tunapounda mtepe mdogo nyumbani twauona msumari kuwa ni uongo. Mtepe, chombo cha Wabajuni alichokiandikia Lydekker makala mwaka 1919, ulishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake la mraba lilikuwa la mkeka.

Shida imo katika matundu. Ubao mwembamba ukitobolewa kwa keke kwa pupa hupasuka kwa kufuata nyuzi za mti, na kazi ya siku mbili ikawa kuni. Matundu ya mbao mbili sharti yaelekeane. Yakipishana kidogo tu, kamba huvuta upande na ubavu ukapinda. Kamba yenyewe twaisokota upya, maana ya dukani haipiti tunduni.

Kwa nini taabu yote hii? Mitepe mikubwa ilikwisha kutoweka baharini, na mtaalamu A. H. J. Prins, alipoichunguza, alilinganisha mifano midogo iliyohifadhiwa. Mfano wa uongo humpotosha atakayekuja baadaye, tena bila ya yeye kujua. Mwaka 2003 Unguja ilijenga mtepe mkubwa kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib. Lakini wangapi wetu watamudu mbao za chombo kama kile?

Wetu, urefu wake mkono mmoja, umefika mbao ya nne. Ukili wa tanga bado unasukwa.