Barakoa na Masikio ya Mama Mdogo

Neno barakoa si geni hapa pwani. Kabla ya 2020 ungelitaja mbele ya wazee wa Mombasa, wangefikiria kile kifuniko cha uso cha wanawake wa Kiarabu, ambacho Salme binti Said, au Emily Ruete kama alivyojiita baadaye, anakieleza katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886. Kisha corona ikaja, neno likafufuka. Mtaani wengi tulisema maski tu, lakini redioni ilikuwa barakoa asubuhi, barakoa jioni.

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020. Kufikia Aprili, kutoka nje bila barakoa kulikuwa kosa, na faini ilifika hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi 6. Ndani ya matatu, utingo hakuanza na nauli; alianza na "Maski, madam, maski!"

Nilisoma makala nyingi wakati ule za watu wakilia kwamba kufunika uso kumeua mahusiano. Mimi kilio hicho hakikuniingia sana. Mji wetu umezoea. Dada aliyevaa ninja akipita Mji wa Kale utamjua kwa mwendo, kwa viatu, kwa udi unaomtangulia. Na usipomjua, atakuamkia, sauti itakwambia ni nani.

Sauti, yaani. Hapo ndipo mama mdogo alipoachwa nje.

Mama mdogo hasikii. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka tisa, akapona, masikio hayakurudi. Kuongea anaongea, tena sana. Sisi tunapoongea, anasoma midomo. Lugha ya ishara hakuwahi kufundishwa. Kwa miaka mingi ameuza ndimu, tangawizi na pilipili soko la Kongowea, na wateja wengi hawakujua kabisa kwamba hasikii. Walidhani ni mama anayependa kumtazama mtu usoni.

Barakoa zilipoingia, midomo yote ya Kongowea ilifungwa siku moja. Mteja anasimama, kitambaa kinachezacheza, mama mdogo anaona macho tu. Je, ameuliza bei? Ameomba apunguziwe? Au anataka nyongeza? Akikaa kimya mteja anaondoka amenuna: "Ana maringo huyu." Hata hilo hakulisikia. Jirani yake muuza nyanya ndiye aliyemwambia.

Akaandika bei kwenye vipande vya katoni. Ilisaidia kwa bei, lakini si unajua soko letu, bei iliyoandikwa ni mwanzo tu wa mazungumzo.

Sokoni hasara ni ya ndimu. Siku moja alikwenda zahanati na presha yake, akarudi na dawa aina mbili. Nikamuuliza kila moja anakunywa mara ngapi. Akasema, "Mwanangu, yule alinieleza vizuri sana. Macho yake yalikuwa na huruma." Hakuna alichokielewa. Aliogopa kumwomba mhudumu ashushe barakoa katikati ya ugonjwa, na sidhani aliogopa bure. Ilibidi nirudi mwenyewe kuuliza.

Sisemi barakoa zilikuwa mbaya. Mama mdogo ana presha na umri umesogea. Kitambaa kile usoni mwa wateja kilikuwa kinamlinda yeye kabla ya mtu mwingine. Ndiyo fumbo lenyewe. Kilichomkinga ndicho kilichomziba masikio, na hakuna aliyekuwa na kosa.

Binamu yangu, fundi cherehani, akashona barakoa yenye dirisha la plastiki mbele ya mdomo, plastiki ya kufunikia madaftari. Akamletea mama mdogo. Mama mdogo akaigeuzageuza, akacheka: "Hii nivae mimi ya nini? Midomo yangu naijua." Kweli jamani! Wa kuivaa ni yule mwingine. Basi zikashonwa nne, akapewa muuza nyanya na majirani wengine wa meza za karibu. Plastiki ilishika mvuke, ilibidi ifutwe kila mara, lakini muuza nyanya akawa mkalimani. Mteja akisema, yeye anarudia nyuma ya dirisha lake, na mama mdogo anajibu kama kawaida, kwa sauti kubwa.

Baadhi ya zile barakoa za zamani, za Oman, huacha mdomo na kidevu wazi. Huwa nafikiri mama mdogo angepatana vizuri tu na wenye kuzivaa.

Machi 2022 serikali iliondoa amri ya kuvaa barakoa mahali pa wazi. Mimi bado huivaa nikiwa na mafua. Nikifika mezani kwake hivyo, nasimama hatua mbili tatu nyuma, naishusha, nasema ninachotaka, naipandisha tena. Ananitajia bei ileile anayomtajia mgeni.