Fundi wa Chapa na Ukurasa Usio na Ukingo

Kazi ya chapa ina fahari yake ya pekee: ikiisha, imekwisha. Mpangaji wa kurasa huchagua karatasi, hupima pambizo, huketisha kichwa cha habari mahali pake, na ukurasa ukitoka mtamboni hubaki vile alivyoutaka yeye, msomaji awe tajiri au maskini, kijana au kikongwe. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297 Dar es Salaam, na ni hiyo hiyo Muscat. Hata kosa la kisu limekwisha hesabiwa: rangi hupitishwa milimita 3 nje ya ukingo, ili kisu kikiyumba weupe wa karatasi usionekane. Mtu aliyeishi na mamlaka kama haya kwa miaka mingi si rahisi kumwambia kwamba uko ukurasa ambao upana wake haujulikani, kimo chake hakijulikani, na herufi zake msomaji aweza kuzikuza apendavyo.

Alikuwako Dar es Salaam fundi mmoja wa namna hii. Alipanga kurasa kwa miaka 26: kalenda, vitabu vya shule, kadi za arusi na vijitabu vya mikutano. Alikuwa sogora wa kazi yake, na alijijua kuwa sogora. Jambo moja tu lilimchoma kila alipolikumbuka, nalo ni kalenda ya mwaka 2004. Mwaka ule Februari ilikuwa na siku 29, lakini kalenda yake ilitoka na siku 28. Nakala 3,000 zilikuwa zimekwisha pigwa chapa na kufungwa kabla mtu hajaona. Zilikatwakatwa zote, na sehemu ya hasara ilitoka katika mshahara wake. Tangu siku ile alisoma prufu mara tatu, na mara ya tatu alianza mwisho akarudi mwanzo. Shauri jema kwa kila asomaye prufu, maana jicho likienda kinyume haliwezi kudanganywa na maana.

Alikuwa na rafiki katika kiwanda kile kile, mtengenezaji wa pleti. Huyu kazi yake ilikuwa kuinamia meza ya taa na kuoanisha filamu nne za kila ukurasa wa rangi, siani, majenta, manjano na nyeusi, zisiachane hata kwa unene wa unywele. Ulipokuja mtambo wa kutoa pleti moja kwa moja kutoka katika kompyuta, filamu zilikwenda, na yeye akaenda nazo. Mpangaji alibaki, akamhurumia mwenzake kama aliye juu ya mti amhurumiavyo aliyeanguka. Lakini mti wenyewe ulikuwa ukitikisika. Waya wa baharini wa SEACOM ulifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na wa EASSy mwaka 2010. Simu zikashuka bei. Mialiko ya arusi ikaanza kupita hewani. Kiwanda kikapunguza watu, naye akawa miongoni mwao.

Yule rafiki alikuwa ametangulia kujifunza kutengeneza tovuti, ingawa kwa miezi michache tu. Wakapatana kujifunza pamoja kila Jumamosi jioni, Magomeni, barazani kwake. Kompyuta ilikuwa moja, na wanafunzi wawili, wote wenye mvi.

Mwanzo haukuwa mwema kwa mpangaji. Lugha ya kwanza ya tovuti, HTML, haiulizi jambo lionekane vipi. Yauliza jambo ni nini: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni orodha. Sura na mavazi ni kazi ya lugha ya pili, CSS, na hata hiyo haikumpa enzi aliyoizoea. Håkon Wium Lie alipoipendekeza mwaka 1994, miaka mitano baada ya Tim Berners-Lee kutoa pendekezo lake la kwanza la mtandao wenyewe, alitaka matakwa ya mwandishi na matakwa ya msomaji yakutane, wala lisiwe moja peke yake lenye amri. Mpangaji aliyapokea maneno haya kwa uso wa mtu anayesomewa madai ya jirani juu ya shamba lake.

Kadhalika lilikuwako jambo la haya. Mtoto akikosea darasani hucheka akasahau. Mtu mzima aliyewahi kuamrisha vijana kumi, akiona ukurasa wake umepotoka kwa sababu amesahau alama moja ya nukta-mkato, hutaka kuifunga kompyuta akaenda zake. Wenzi wengi wa masomo wangegombana hapo. Yule rafiki hakubishana. Alikuwa na desturi moja tu. "Soma kwa sauti, Fundi," husema, naye mwenyewe hukaa ameegemea ukuta na kusikiliza, na mara nyingi kosa alilikamata kwa sikio. Mpangaji alidhani hiyo ndiyo njia ya kufundisha.

Kazi yao ya kwanza ya malipo ilitoka kwa mwuza vitabu mmoja wa Kariakoo, aliyetaka orodha ya vitabu vyake na bei. Malipo yalikuwa madogo, lakini yalikuwa malipo. Mpangaji aliifanya kazi ile kama aliyeapa kuwaonyesha watu wa mtandao maana ya ukurasa. Alipanga safu tatu. Kila kitabu alikipa kisanduku, na kila kisanduku alikipa kimo kisichobadilika, ili mistari yote ilingane. Herufi zilikuwa ndogo, za kijivu chepesi, kama zile za kalenda za kampuni kubwa. Kwa kweli ulipendeza. Mwenzake aliutazama, akasema, "Vizuri, Fundi," wala hakuongeza neno.

Jioni ya kuamkia siku ya kukabidhi kazi, mpangaji alifika Magomeni akamkuta rafiki yake peke yake barazani, simu ameisogeza karibu na pua. Herufi alikuwa amezikuza maradufu. Ukurasa ulikuwa umevurugika: majina ya vitabu yamelalia bei, na bei ya kitabu kimoja imekaa chini ya picha ya kingine.

"Umeuharibu, Fundi," alisema mpangaji.

"Sikuharibu kitu. Nilitaka kusoma."

"Ulikwisha uona kwenye kompyuta."

"Niliona rangi," alisema rafiki. "Maandishi sikuyaona. Sasa ni mwaka wa pili siyaoni bila kuyakuza."

Ndipo mpangaji alipofahamu maana ya "Soma kwa sauti." Jumamosi zote zile alikuwa akifundishwa na mtu ambaye macho yake hayakuifikia kompyuta, na hakuuliza hata mara moja, macho yake mwenyewe yalikuwa yakipima pambizo. Hakusema samahani. Alivuta kiti, akafungua kompyuta, na ile kazi haikukabidhiwa kesho yake.

Waliifumua kwa wiki tatu. Kanuni za kimataifa za mwaka 2008, zilizotungwa ili kurasa zisomwe na watu wenye kila namna ya upungufu wa viungo, zataka maandishi yaweze kukuzwa mpaka asilimia 200 bila ukurasa kupoteza neno. Visanduku vikaachiwa virefuke kwa kadiri ya maneno yake. Wakafuata shauri alilolitangaza Ethan Marcotte mwaka 2010: safu zipimwe kwa uwiano, picha zikubali kupungua, na ukurasa uulize kwanza upana wa kioo kabla ya kujipanga. Safu tatu katika simu zikawa moja. Kijivu kikaondoka, weusi ukarudi.

Likabaki tatizo ambalo vitabu vya Kizungu havikulitaja. Kiswahili kina maneno marefu, na herufi zikikuzwa katika kioo chembamba, neno kama "yanayoshughulikiwa" halienei katika mstari mmoja. Hapa mpangaji hakuhitaji mwalimu. Kwa miaka 26 alikuwa akikata maneno mwishoni mwa mstari, akijua kwamba silabi ya Kiswahili aghalabu huishia na irabu. HTML ina alama iliyofichika ya kukatia neno, ambayo haionekani ila neno likikosa nafasi. Akaitia kwa mkono, ya-na-yo-shu-ghu-li-ki-wa, neno baada ya neno, katika orodha nzima. Rafiki alisikiliza silabi zile jioni mbili mfululizo, akacheka mpaka akaomba maji.

Kazi ilipokwisha, mpangaji aliisoma prufu mara tatu, akampa mwenzake simu. Herufi zilikuwa kubwa, maneno matatu au manne katika mstari, na ukurasa mrefu kama uzi wa mshipi wa mvuvi. Rafiki alisoma polepole, kidole kikipandisha maandishi, bila kusaidiwa na mtu. Katikati ya orodha kidole kikasimama.

"Hapa umeandika 'kamsi'. Si kamusi hii?"

Mpangaji alitazama. U haikuwapo. Mkono wake ulitulia juu ya kompyuta kitambo, kama unaongoja kuambiwa ni nakala ngapi. Kisha akaitia ile herufi, akahifadhi.

"Fungua tena," alisema.

Rafiki akafungua, akaisogeza simu karibu na uso.

"Iko," alisema, akaendelea na kitabu kilichofuata.