Pumzi ya Mkono

Pumzi ni mali ambayo mwenyewe huitumia pasipo kuihesabu. Mtoto mzima wa afya huvuta hewa mara 20 au zaidi kwa dakika, akicheza au akilala, na hana habari nayo. Siku ihitajipo kuhesabiwa, hesabu huwa ya watu wengine.

Mwaka 1952 hesabu hiyo iliwaangukia wanafunzi wa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Maradhi ya kupooza, yaitwayo polio, yaliingia mjini kwa ukali mkubwa, na wagonjwa, wengi wao watoto, wakapelekwa katika Hospitali ya Blegdam. Aghalabu polio hulemaza miguu. Safari hii ilishika koo na kifua pia, mate yakajaa pasiwe na nguvu ya kuyameza wala kuyakohoa. Hospitali ilikuwa na pipa moja la chuma la kupumulia, la aina iliyobuniwa Marekani mwaka 1928, na vyombo sita vya kufungwa kifuani. Katika wagonjwa 31 wa kwanza waliosaidiwa kwa vyombo hivyo, 27 walikufa.

Profesa Lassen, mkuu wa waganga, alimwita Bjørn Ibsen, tabibu wa usingizi. Wito huo ulihitaji unyenyekevu, maana siku zile kazi ya tabibu wa usingizi ilikomea katika chumba cha kupasulia. Waganga walidhani damu ya wagonjwa imezidi alikali kwa sababu isiyojulikana. Ibsen aliona kuwa ni hewa ya kaboni iliyoshindwa kutoka. Agosti 27 alikabidhiwa binti wa miaka 12, viungo vyote vimepooza, naye akizama katika mate yake mwenyewe. Koo lilitobolewa, mpira ukaingizwa katika njia ya hewa. Binti akashindana nao, kifua kikakaza. Ibsen akampa dawa ya usingizi, pumzi yake dhaifu ikakoma kabisa, na hapo ndipo mkono uliominya mfuko wa hewa ulipopata njia ya mapafu. Kuizima pumzi ya mtoto ili kumwokoa! Lau jambo hili lisingalifaulu, lingaliitwa wazimu.

Mashine hazikutosha, mikono ilikuwako. Wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana usiku na mchana wakiminya mifuko, na katika kilele cha maradhi wagonjwa 70 walipumuliwa hivyo kwa wakati mmoja. Watoto hawakuweza kusema, kwa kuwa hewa haikupita penye sauti. Waliomba kwa macho. Mwanafunzi alijifunza kulitambua jicho litakalo hewa zaidi, na wengine waliwasomea watoto hadithi huku mkono ukiendelea. Ni mtihani gani wa chuo ungaliweza kulipima somo hilo? Wako watoto waliokufa hata hivyo, mkono ungali unaminya. Lakini vifo vilishuka hadi karibu robo ya wagonjwa, na yule binti aliishi miaka mingi.

Leo mashine hupima pumzi kwa mililita kwa kila kilo ya uzito wa mtoto, maana imejulikana kuwa hewa iliyozidi hulijeruhi pafu. Hata hivyo, kando ya kitanda huwekwa mfuko wa kuminywa kwa mkono, kwa ajili ya saa ambayo umeme umekatika au mashine imeshindwa.