Wasiofika Wodini: Maisha ya Karani wa Takwimu za Mafua

Kupima mzigo wa homa ya mafua katika jamii, maana yake kujua ni watu wangapi kati ya kila laki moja wanaougua, wanaolazwa na wanaokufa kwa virusi vya influenza katika mwaka mmoja, ni kazi ya daftari kabla haijawa kazi ya maabara, na mwandishi wa tawasifu hii aliifanya kwa zaidi ya miaka kumi na mitano akiwa karani wa rekodi za afya katika pwani ya kusini ya Kenya. Alizaliwa Ramisi mwaka 1964, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sukari. Baba yake alikuwa karani wa mizani, kazi iliyomtaka apime kila lori la miwa mara mbili, likiingia limejaa na likitoka tupu, kwa kuwa uzito wa kwanza peke yake haukuonyesha miwa ilikuwa kiasi gani. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1988, mwandishi alikuwa tayari ameajiriwa katika chumba cha rekodi cha hospitali, lakini desturi ile ya kutoiamini namba iliyosimama peke yake aliichukua mezani kwake.

Madaftari ya wagonjwa ya miaka ya 1990 yalikuwa na safu ya jina la ugonjwa, na ndani ya safu hiyo neno malaria lilijirudia ukurasa baada ya ukurasa, kwa sababu Kwale, ilimo Ramisi, ni eneo la malaria kweli na kwa sababu zahanati nyingi hazikuwa na hadubini, hivyo mtoto mwenye homa na kikohozi alipewa dawa ya malaria, na akipona ilidhaniwa kwamba dawa ndiyo iliyomponya. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe, vipimo vya haraka vilivyofika zahanati viliacha rundo la homa zisizo na jina. Mwandishi anaamini kuwa rundo hilo, ambalo wengi waliliona kama usumbufu kwa mganga asiyejua amwandikie nini mgonjwa, lilikuwa mwanzo wa ukweli.

Influenza yenyewe ilikuwa imeanza kutafutwa nchini kwa utaratibu tangu mwaka 2006, Wizara ya Afya ikishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na Vituo vya Marekani vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, katika hospitali chache zilizoteuliwa kuwa vituo vya uangalizi, na mwandishi alihamia Mombasa kuifanya kazi hiyo. Kituo cha uangalizi hakimpimi kila anayekohoa, bali humchagua mgonjwa kwa kigezo kimoja kilichowekwa ili wiki hii ilinganishwe na ya mwaka uliopita, na kigezo cha maambukizi makali ya njia ya hewa, kama kinavyosomeka leo, kinamtaka mgonjwa awe na kikohozi, awe na homa ya nyuzi 38 au zaidi au aeleze kwamba alikuwa nayo, ugonjwa uwe umeanza ndani ya siku 10 zilizopita, na hali yake imlazimu kulazwa. Mtoto hupakatwa na mama yake, leso ikiwa imezungushwa mikononi ili asishike kijiti, kichwa kimeegemezwa kifuani; kijiti chembamba hupitishwa puani kwa ulalo, sambamba na kaakaa, hadi nyuma kabisa ya pua, kikazungushwa polepole na kutolewa, cha pili kikapita kooni, kisha vyote viwili huvunjwa shingo na kuachwa ndani ya kichupa chenye maji ya rangi ya waridi yanayohifadhi virusi, nacho kichupa huandikwa namba ile ile ya fomu na kuwekwa kwenye kisanduku chenye barafu kikisubiri safari ya maabara. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake aliuliza, "Mwanangu, hicho kijiti kitamponya?" Jibu la kweli lilikuwa hapana, kwa kuwa matokeo yangerudi mtoto akiwa ameshatoka wodini, na mwandishi alilitoa jibu hilo wazi, akaeleza kwamba sampuli hiyo ilikuwa ya kuwasaidia watoto wa miaka ijayo. Bibi alikubali. Ridhaa ya namna hiyo, inayotolewa na mtu anayejua kwamba hapati chochote, ni deni ambalo mtunza takwimu hulilipa kwa njia moja tu, nayo ni kuhesabu sawasawa.

Kuhesabu sawasawa kulikuwa na ugumu wake. Maabara ikisema kwamba kati ya sampuli 200 zilizopimwa 20 zina virusi, asilimia 10 hiyo bado si mzigo wa ugonjwa, kwa maana haijasema ni watu wangapi wanaoishi katika eneo linalotegemea hospitali ile. Tuseme, kwa mfano wa kufundishia tu, eneo lina watu laki moja na wagonjwa 400 wenye kigezo hicho walilazwa kwa mwaka: asilimia 10 ya 400 ni watu 40, na hao 40 kwa laki moja ndio kiwango cha waliofika. Ikiwa uchunguzi wa nyumba kwa nyumba utaonyesha kwamba nusu tu ya wanaougua vikali hufika hospitali, basi kiwango cha kweli kinakaribia 80, na hao 40 wa pili, ambao hawana fomu wala kichupa, ndio waliomshughulisha mwandishi kuliko wengine wote. Nchini Kenya hesabu ya namna hii imewezekana pale ambapo watu wenyewe wameorodheshwa na kutembelewa makwao, kama Kibera jijini Nairobi na Asembo katika Siaya. Kule ilibainika kwamba wagonjwa wengi hawapiti kabisa kwenye mlango wa kliniki.

Aliporudi nyumbani na kushiriki katika mahojiano ya nyumba kwa nyumba kando ya mto Ramisi, mwandishi alikuta sababu ambazo nyingi alizijua tangu utotoni: nauli ya bodaboda hadi barabara kuu na ya matatu hadi hospitali ya Msambweni, mama asiye na wa kumwachia watoto wengine, kibarua ambacho siku ikikosekana hailipwi, na duka la dawa lililo karibu kuliko zahanati. Mzee mmoja aliyekufa kwa kubanwa na kifua baada ya siku tano za mafua alikuwa amezikwa siku hiyo hiyo aliyokufa, kama ilivyo ada, na kifo chake hakikuingia katika takwimu za mafua popote.

Majira nayo yana hesabu yake. Watu wa pwani husema mafua huja pepo zinapogeuka, kaskazi inapolegea na kusi kuanza kuvuma, wakati mvua za mwaka, yaani masika, zinapokaribia, na mwandishi hakuidharau kauli hiyo hata siku moja, bali aliitafutia ushahidi. Katika nchi za baridi influenza hupanda majira ya baridi na karibu kutoweka kiangazi, lakini Ramisi iko nyuzi nne na nusu tu kusini mwa ikweta, na katika Kenya virusi hivi huonekana mwaka mzima, vikipanda na kushuka bila kushika mwezi mmoja kila mwaka. Ndiyo sababu mwaka mmoja wa takwimu hautoshi kuchora majira, na ndiyo sababu pia haitoshi kuhesabu wagonjwa waliokutwa na virusi bila kuwagawa kwa idadi ya waliopimwa katika wiki hiyo.

Kosa kubwa la mwandishi lilitokea hapo. Madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016, na wauguzi wakagoma kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Novemba 2017, wodi zikabaki na vitanda vitupu. Katika jedwali lake mwandishi alijaza sufuri kwa wiki ambazo hakuna aliyepimwa, na mstari uliochorwa kutokana na sufuri hizo ulionyesha bonde zuri katikati ya mwaka, hata mwenzake mmoja akaanza kulieleza kwa mvua na joto. Watoto waliendelea kukohoa majumbani mwao, na jedwali lilisema hawapo. Mwandishi alilirekebisha kabla halijatumiwa, lakini alikosa usingizi kwa siku kadhaa, na tangu hapo wiki isiyo na sampuli ikawa inatiwa kistari, kamwe si sufuri.

Umuhimu wa kistari hicho ulionekana mwaka 2020. Baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini tarehe 13 Machi, influenza ilipungua mno duniani, na tawi moja la virusi vya aina ya B, liitwalo Yamagata, halijathibitishwa tena kuenea tangu mwezi huo. Aliyetunza idadi ya waliopimwa aliweza kusema kwamba virusi vimepungua kweli, na asiyeitunza alibaki kukisia.

Hesabu hizi zina mahali zinapokwenda. Mwaka 2016 kamati ya kitaifa ya kushauri kuhusu chanjo ilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe dhidi ya influenza, na kwa kuwa Shirika la Afya Duniani hutangaza muundo wa chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nusu ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa nusu ya kusini, nchi inayopitiwa na ikweta hulazimika kuchagua ni upi na ni mwezi gani, jambo lisiloamuliwa ila kwa mikondo ya miaka mingi. Hata maafa ya influenza ya mwaka 1918, yaliyoingia kwa meli katika bandari ya Mombasa mwezi Septemba, yaliweza kukadiriwa karne moja baadaye kwa sababu vifo viliandikwa katika wilaya za pwani na nyaraka hizo zikasalia.

Mwandishi alistaafu mwaka 2024. Katika wiki yake ya mwisho alikaa na kijana aliyemrithi meza, wakafungua daftari la mwaka 2017, akamwonyesha vile vistari, na kijana akaomba aelezwe tena, polepole, ni wagonjwa gani waliokuwa nyuma yake.